Waya wa Kijani

Hakuna marehemu katika kisa hiki.
Gari halikuwa la baba, wala sikuposwa ndani yake.
Nililinunua Kokkola, miaka kumi na mmoja iliyopita,
Saab ya mwaka sabini na tatu, rangi ya haradali,
kwa mwanamume aliyevaa glavu moja tu.
"Sakafu imeliwa kidogo," aliniambia.
Kidogo!
Nilipoinua zulia niliiona theluji.

Tangu hapo, kila Jumanne na kila Alhamisi,
nikitoka zamu ya kreni bandarini Oulu,
navaa ovaroli, nawasha hita, nafunga mlango.
Nimechomelea. Nimekwangua. Nimetukana kwa lugha mbili.
Nati moja ilinikatalia tangu Oktoba hadi wiki ya Pasaka,
na siku ilipolegea nilimpigia simu dada yangu Marjut
kama mtu aliyejifungua.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Yangu imeisha na habari zake zote,
kurasa tisa, kwa mwandiko mzuri.

Marjut anasema: "Ukiuza leo, unapata nusu.
Ukilimaliza, robo tatu.
Ukifa nalo, wanao watampa bure mtu wa vyuma chakavu."
Jirani yangu Ilpo anasema: "Subiri Mei.
Mwezi wa Mei kila mtu ni dereva.
Novemba kila mtu ana akili."

Basi nimesubiri Mei tatu.
Mei ya kwanza halikuwa na breki.
Mei ya pili lilikuwa nazo, nikasema, loo,
sasa linakwenda, nitaliuzaje?
Mei ya tatu mvua ilinyesha, nikashukuru.

Si goti, ingawa goti linasema.
Si fedha, ingawa paa linavuja upande wa sauna.
Ni hivi: baridi hii nimejikuta nikiingia gereji
na kukaa tu, mkono mmoja kwenye usukani,
nikinywa kahawa,
na spana zimelala katika droo zake, safi,
kama vijiko vya wageni.
Hakuna kilichobaki cha kunishinda.

Ndipo nikamkumbuka yule wa Kokkola,
alivyosimama mbali kidogo na gari lake
kama mtu aliyemaliza mazungumzo.
Nilidhani amechoka.
Hakuchoka. Alikuwa ameshiba.

Jana alikuja Neea, kutoka Kajaani,
miaka ishirini na miwili, na trela ya kuazima.
Nilimtajia kasoro zote kwa sauti, mnada wa kinyume:
gia ya pili inalia,
dirisha la abiria halipandi mpaka ulibembeleze,
harufu ya petroli haijulikani itokako.
Kila kasoro ilimsogeza karibu zaidi.
Mwishowe akalala chali kwenye saruji, alitazame tumbo,
na jaketi lake jeupe.
Jeupe!
Hapo bei ikashuka yenyewe mdomoni mwangu.

Anarudi Jumamosi.
Usiku huu nimebadilisha oili, nimefuta vioo,
daftari nimeliweka ndani ya dashibodi
bila kujumlisha.

Taa ya nyuma, kushoto, haiwaki.
Najua kwa nini: waya wa kijani,
nyuma ya kitambaa cha buti,
umekatika pale unapopita chini ya bawaba.
Kazi ya dakika tano. Nilikuwa nimeshashika koleo.

Nikaifikiria Novemba yake,
giza la saa tisa alasiri,
amepiga magoti, tochi mdomoni,
anaufuata waya kwa kidole, polepole, tangu mbele,
huku akimtukana mwanamke wa Oulu.

Nikalirudisha koleo katika droo.
Nikazima hita.